Maswali ya wasomaji: Mlangoni imeandikwa 1988 lakini babu anaikumbuka shule tangu utotoni

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu majengo ya shule za zamani, nadhani ni kwa sababu bajeti za halmashauri zinaandaliwa na kila kamati ya shule inajiuliza ikarabati au ibomoe. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa sana.

Swali la kwanza, kutoka Lindi mjini

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi na ni mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi ya zamani hapa Lindi, siyo mbali na bahari. Tuna ubishi mkubwa. Juu ya mlango mkubwa kuna kibao cha jiwe kina maandishi ya Kihindi na namba, mzee mmoja mwenye duka anayeyajua akatusomea akasema ni 1988. Mwalimu mkuu akasema basi jengo ni la 1988, halina uzee wowote, libomolewe tupate madarasa mapya. Lakini babu yangu, kazaliwa 1944, anasema ni jengo la Mjerumani, na akiwa mdogo walikuwa wanachungulia dirishani watoto wa Kihindi wakisoma, na anaikumbuka siku paa liliporuka kwa upepo. Nyuma kuna chumba kirefu chembamba tunakiita stoo, kuta zake nene kuliko za mbele na juu kuna miti myeusi imepangwa. Nani mkweli hapo?

Jibu

Marahaba mwanangu. Wote wawili wana ukweli wao, ila babu anao mwingi zaidi, na hicho kibao cha mlangoni ndo shahidi wake ingawa wenyewe mmekifanya kiwe adui yake.

Tuanze na namba. Wahindu wengi waliotoka Gujarati wakaja kufanya biashara huku pwani walikuwa wakiandika miaka kwa kalenda yao inaitwa Samvat, ambayo iko mbele ya hii tunayoitumia kwa miaka 56 au 57 kutegemea ni mwezi gani. Sasa chukua 1988 toa 57, unapata 1931. Mwaka wa 1988 wa Samvat ulianza mwishoni mwa 1931 ukaisha mwishoni mwa 1932, kwa hiyo jengo la mbele lina umri unaokaribia miaka mia na siyo la juzi kama mlivyodhani. Mwombeni yule mzee wa duka arudi asome na neno lililo kando ya namba, kama ni Samvat atalitambua mara moja. Na mkikuta kibao kingine chenye maandishi ya Kiarabu na namba kama 1350 msishtuke, hiyo ni Hijria, na 1350 ya Hijria nayo ilianzia mwaka huohuo wa 1931.

Sasa kwa nini babu anasema Mjerumani? Huku kwetu kusini jengo lolote lenye ukuta mnene tunalipa Mjerumani. Ni kweli Wajerumani walijenga, boma la Mikindani ni la 1895 na bado limesimama, na ni kweli walifungua shule za serikali kwenye miji ya pwani kuanzia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Lindi nayo ikapata yake, wakifundisha kwa Kiswahili maana walihitaji makarani na maakida. Lakini ukuta mnene wa mawe siyo alama ya Mjerumani hata kidogo. Ukuta wa matumbawe na chokaa ulikuwepo huku pwani mamia ya miaka kabla yake, nenda Kilwa Kisiwani uone magofu ya jumba la Husuni Kubwa, hiyo ni karne ya 14. Mjerumani alipokuja aliwakuta mafundi wanaojua kazi, akawatumia. Waliochimba yale mawe, waliochoma chokaa, waliobeba boriti kichwani ni watu wa hapahapa, na mimi inaniuma kwamba tukisema "la Mjerumani" tunawafuta wote hao kwa neno moja, wakati pengine mmoja wao ni baba wa babu yako.

Hebu sasa twende kwenye ile stoo yenu, manake mimi ndo imenisisimua kuliko kibao. Chukua futi kamba upime upana wake kwa ndani. Nina imani utapata kama mita mbili na nusu, au karibu na tatu, haitazidi sana hapo. Sababu ni hiyo miti myeusi iliyopangwa juu, hizo ni boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka wenye unene wa kubeba dari haupatikani mrefu sana, kwa hiyo fundi wa zamani hakuwa anaamua upana wa chumba, mti ndo uliokuwa unaamua. Ndo maana nyumba nyingi za mawe za kale za pwani zina vyumba virefu vyembamba kama korido. Akitaka chumba kikubwa anaongeza urefu, upana unabaki palepale. Darasa la watoto arobaini huwezi kuliezeka hivyo, linataka kenchi za mbao za kupasuliwa. Kwa hiyo hiyo stoo haikujengwa iwe darasa. Ilikuwa nyumba ya mtu, au ghala la mfanyabiashara, ipo kabla ya 1931, halafu jamii ya Kihindi ilipopata hicho kiwanja wakajenga shule yao mbele na nyumba ya zamani wakaiacha nyuma. Angalieni pale kuta za mbele zinapokutana na za nyuma, kama mawe hayajashikana kwa kuingiliana bali yamegusanishwa tu na kuna ufa ulionyooka toka juu hadi chini, hapo mmepata mahali majengo mawili yalipounganishwa.

Madirisha nayo yatawaambia. Ingia darasa la mbele ukae kama mwanafunzi, uso kwenye ubao. Kama madirisha makubwa yako mkono wako wa kushoto na ya kulia ni madogo au yako juu, basi aliyechora alijua anachora shule, kwa sababu mtoto anaandika kwa mkono wa kulia na mwanga ukitoka kushoto kivuli cha mkono hakiangukii kwenye daftari. Hiyo ilikuwa kanuni ya shule sehemu nyingi duniani kabla ya umeme. Mimi nimefundisha miaka mingi kwenye darasa la namna hiyo na sikuwahi kujua kwa nini jioni naona vizuri kuliko wenzangu wa jengo jipya, mpaka nilipostaafu ndo nikaelewa.

Bati je? Hapo babu yako ndo kaniacha hoi kabisa. Lindi ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952, na babu wa 1944 alikuwa na miaka saba au minane, umri ambao mtoto haisahau siku kama hiyo. Kwa hiyo paa mnaloliona leo siyo la 1931, ni lililowekwa baada ya kimbunga au hata baadaye zaidi. La mwanzo inawezekana lilikuwa la vigae vyekundu, na hapa nina kazi kwa ajili yenu: chimbeni kidogo uani kando ya msingi, au tazameni kwenye rundo la takataka nyuma ya vyoo, mkiokota kipande cha kigae kigeuzeni upande wa chini. Vigae vingi vilivyoletwa pwani yetu vilitoka Mangalore huko India na viwanda vya kule viligonga jina lao kwenye kila kigae. Kikiwa kimeandikwa Basel Mission ujue ni cha kiwanda kilichoanzishwa 1865 na wamisionari wa Uswisi na Ujerumani, na baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza wakawanyang'anya. Mimi kimoja ninacho mezani hapa ninapoandika, nimekitumia kushikilia karatasi, kwa chini kina herufi zilizoliwa na chumvi na alama ya kidole cha mtu, dole gumba kabisa na mistari yake, ilibaki kwenye udongo ukiwa mbichi kabla haujaingia tanurini. Huwa nakitazama sana.

Na la kuchungulia dirishani lipokeeni kama historia, msilichukulie kama hadithi ya mzee. Wakati wa Mwingereza shule ziligawanywa kwa rangi, ya Wazungu kivyake, ya Wahindi kivyake, na Mwafrika kivyake, na ubaguzi huo kwenye uandikishaji ulikuja kuondolewa 1962 baada ya uhuru. Halafu sheria ya elimu ya 1969 ikaziweka shule za jamii na za makanisa chini ya serikali, ndo zikabadilishwa majina. Kwa hiyo babu yako alikuwa nje ya dirisha, na wewe mjukuu wake leo ni mjumbe wa kamati ya shule ileile. Muulizeni aliyokuwa anayaona humo ndani, madawati yalikaaje, ubao ulikuwa ukuta upi, mlango upi ulizibwa. Rekodini kwa simu wiki hii hii.

Kuhusu kubomoa, mwambieni mwalimu mkuu kwa heshima zote kwamba watoto wanahitaji madarasa na hilo halina ubishi, lakini ukuta wa matumbawe uliosimama miaka yote hiyo na kimbunga juu yake hauhitaji kuondoka ili madarasa yapatikane. Kama kiwanja kina nafasi, mapya yajengwe pembeni.

Swali la pili, kutoka Mikindani

Mwalimu habari za kazi. Shule yetu ni ya mawe ya zamani. Mwaka juzi wazazi tulichanga tukapiga lipu ya saruji kuta zote na rangi juu, ilipendeza sana. Masika ya mwaka huu lipu imevimba, inaanguka vipande vikubwa na inaondoka na mawe, na chini ukutani kuna unga mweupe. Fundi anasema saruji ilikuwa kidogo tuongeze. Tuongeze?

Jibu

Msiongeze. Tafadhali sana msiongeze hata kidogo.

Pole zenu wazazi, najua mchango unavyouma, na sikulaumuni wala fundi simlaumu, saruji imekuwa ya jirani tangu kiwanda cha Dangote kilipofunguliwa hapa Mtwara 2015 na fundi kijana amefundishwa tofali la saruji tu. Lakini ukuta wenu siyo wa tofali. Tumbawe limetoka baharini, lina vitundu kama sponji na lina chumvi ndani yake. Maji yanapanda kutoka ardhini yanaingia ukutani kila masika, hilo halizuiliki, na zamani yalikuwa yanatoka taratibu kupitia lipu ya chokaa kwa sababu chokaa inapitisha unyevu, ukuta unalowa unakauka, unalowa unakauka, miaka nenda miaka rudi. Mlipopiga saruji mmeuziba. Maji yanakosa njia, yanakusanyika nyuma ya lipu, yakikauka yanaacha chumvi, ndo huo unga mweupe, na chumvi ikishaganda inachukua nafasi, inasukuma lipu, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe inapotoka inabandua na uso wa jiwe. Mkiweka saruji zaidi mtapoteza jiwe zaidi.

Hii nimeiona kwa macho yangu kwenye shule moja niliyofundisha, sitaitaja, tulipiga lipu mwezi wa nane tukapiga na picha ya pamoja mbele ya ukuta mpya, mwezi wa nne mwaka uliofuata kipande kama mlango kikaanguka darasa la tatu usiku. Tulishukuru Mungu ni usiku. Asubuhi nikaokota kile kipande nikakuta kwa nyuma kimebeba mawe yenye maumbo ya konokono wa baharini, mazima kabisa, yameng'olewa.

Cha kufanya: iliyolegea iondoeni kwa mkono na patasi ndogo, iliyoshika kabisa msiing'oe kwa nguvu, iacheni kwanza. Ukuta uachwe wazi ukauke kiangazi chote. Ule unga mweupe upanguseni kwa brashi kavu, msioshe kwa maji maana mtairudisha chumvi ndani. Halafu pigeni lipu ya chokaa na mchanga safi usio wa pwani, kwa matabaka membamba, kila tabaka lisubiriwe, na liwe linanyunyiziwa maji na kufunikwa na magunia mabichi lisikauke kwa pupa. Rangi iwe chokaa pia, siyo ya mafuta wala ya plastiki.

Mtauliza chokaa iko wapi. Inauzwa madukani, na wazee wanaojua kuichoma bado wapo pwani, mawe yanapangwa juu ya magogo duara kama keki, yanachomwa mpaka yameiva, halafu yanazimwa kwa maji na kuachwa yalale. Ukikwaruza lipu ya zamani kwa msumari utaona vipunje vyeusi vya mkaa na vipande vya makombe, hiyo ni sahihi ya tanuri la hapohapo kijijini. Nawaomba msivunje matumbawe hai baharini kwa ajili hii, samaki wanazaliana humo, na boriti za mikoko nazo haziruhusiwi kukatwa bila kibali cha wakala wa misitu.

Kama mnataka kuwaonyesha wazazi mfano, tembeeni tu hapo bomani. Lilikuwa gofu kabisa, shirika la Trade Aid kutoka Uingereza likalikarabati kuanzia miaka ya 1990 na sasa ni hoteli. Gofu lina njia ya kurudi.

Swali la tatu, kutoka Mtwara mjini

Mwalimu, kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe. Mtwara hakuna treni, kimetoka wapi?

Jibu

Mtwara treni ilikuwepo mjukuu wangu. Waingereza baada ya vita vya pili walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa sehemu yake, kuanzia 1947. Wakajenga reli ya kutoa karanga, mwanzo ilianzia Mkwaya kwenye hori la Lindi, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara ambayo ilianza kazi 1954. Karanga zenyewe zilishakufa, mradi ulifutwa 1951. Reli ikabaki inabeba mazigo madogo madogo mpaka ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Siwezi kukuapia kwamba kipande chenu kimetoka hapo ila waulize wastaafu wa bandari. Kigonge ukiwa peke yako saa ya mchana kimya usikie kinavyoimba, kisha angalia ubavuni mwake, reli huwa na herufi zilizovimba za kiwanda na mwaka. Paka chaki utaziona.

Na kwa kuwa uko Mtwara mjini, shule nyingi za umri wa mji huu ni za tofali za saruji na baraza refu la kivuli, na baadhi ya majengo ya miaka hiyo yaliezekwa mabati ya kijivu mazito ya asbesto. Kama yenu ni hayo msiyatoboe, msiyavunje, watoto wasicheze na vipande vyake, vumbi lake likiingia kifuani ni hatari ya miaka mingi mbele. Likiwa zima lisiguswe, likipasuka itwe halmashauri.

Swali la nne, tena Lindi, mjumbe mwingine wa kamati ileile

Mwalimu, mwenzangu ameshakuandikia. Mimi nauliza kitu kimoja tu, serikali si inalinda majengo ya kale? Akija kontrakta tunamwonyesha sheria ipi?

Jibu

Mmeniwahi, barua mbili kwa wiki moja. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ilirekebishwa 1979. Lakini isomeni vizuri kabla hamjaipeleka mkutanoni: inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lenu la 1931 halimo, na hata ile stoo sidhani kama mtaweza kuthibitisha kwamba imeuvuka huo mwaka. Jengo la baadaye linalindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo kontrakta akija kesho hamna karatasi ya kumwonyesha. Mimi naona hilo ni pengo kubwa, majengo mengi tuliyosomea kusini yako ndani ya pengo hilo, na nimeshaandika mara kadhaa kwenye safu hii kwamba mwaka 1863 ni mbali mno.

Mnachoweza kufanya ni kuandika barua kupitia afisa utamaduni wa halmashauri kwenda idara ya mambo ya kale, nakala kwa mkurugenzi na kwa mwalimu mkuu, msimruke mwalimu mkuu hata kidogo, bila yeye haiendi. Iwe fupi, kurasa mbili. Wekeni hesabu ya Samvat, wekeni maneno ya babu yenye jina lake na umri wake akikubali, wekeni kipimo cha upana wa stoo. Kwenye kabati la ofisi ya shule tafuteni rejesta ya uandikishaji ya zamani kuliko zote na kitabu cha kumbukumbu za shule, mara nyingi viko chini kabisa vimeliwa na mchwa pembeni, pigeni picha kurasa za mwanzo kabla hamjavihamisha.

Picha za jengo zipigwe asubuhi jua likiwa upande, pande zote nne, moja ya kibao kwa karibu, moja ya boriti, moja ya ule ufa ulionyooka kama upo. Na kigae mkikiokota nitumieni picha ya upande wa chini, kwenye namba ileile ya gazeti.